Kioo cha Kabati, Chumba 507

Wanangu, mkitaka kuniudhi msihangaike sana. Niambieni tu kwamba kupiga picha za hoteli ni kazi nyepesi kwa sababu kitanda hakikimbii.

Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote. Nimeambiwa na mameneja, nimeambiwa na wapiga picha wa magazeti waliokuwa wakikimbizana na misafara, nimeambiwa na marehemu mume wangu, ambaye mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba nilikuwa nakwenda kazini kutazama mapazia. Na juzi kaja binti mmoja hapa kwangu na simu yake, anataka nimtazamie vyumba alivyopiga kwa ajili ya hoteli moja ya huko ufukweni. Alinipa shikamoo yangu vizuri, nikaitikia, nikavaa miwani. Nikaona kitanda kinachoteleza kuelekea mlangoni na kuta mbili zimeinamiana kama walevi wanaosindikizana. Nikamuuliza mbona nyumba yenu inaanguka. Akasema ndivyo lenzi ya simu inavyofanya.

Lenzi haifanyi kitu. Mnafanya ninyi. Mnasimama wima, mnanyanyua mkono juu ya kichwa, mnaielekeza kamera chini kama mtu anayechungulia kisima, halafu mnashangaa. Ishusheni iwe usawa wa kifua, isiangalie juu wala chini, na kuta zitasimama zenyewe. Mimi hilo nilifundishwa na Fundi Salehe, mwenye studio ya picha Mtaa wa Swahili, Kariakoo, ambaye kwake nilianza kwa kuosha picha kwenye beseni nilipomaliza darasa la nane. Alikuwa mtu wa Mafia, mpole, mwenye kanzu iliyonyooka kuliko ukuta wowote niliowahi kupiga. Siku nilipomletea picha yangu ya kwanza ya chumba hakunigombeza. Alifunga nati ya baiskeli kwenye uzi, akauning'iniza mbele ya kamera, akaniambia nitazame uzi na ukuta mpaka vikubaliane. Vikikubaliana nibonyeze. Visipokubaliana nisimsumbue.

Nilisumbuka na uzi ule miezi minne.

Baadaye nikaajiriwa na shirika moja la umma lililokuwa na hoteli, miaka ile ya sabini ambapo kila kitu kilikuwa cha umma na hakuna kilichokuwa dukani. Mimi, Tatu binti Athumani, mwanamke peke yangu mwenye kamera katika jengo zima. Nikiingia hotelini na stendi yangu ya miguu mitatu, wageni walinipa nguo za kupiga pasi. Mara mbili nilizipokea, kwa sababu kubishana kungechukua muda mrefu kuliko kuzipeleka.

Sasa nisikilizeni kuhusu mwanga, maana ndiyo shida yenyewe, na ndiyo iliyotuletea balaa ninalotaka kuwasimulia. Ukiingia chumbani mchana, jicho lako linaona kitanda na linaona dirisha na linaona miti ya nje, vyote kwa pamoja. Filamu haiwezi. Ukipiga kwa kufuata kitanda, dirisha linakuwa shimo jeupe. Ukifuata dirisha, kitanda kinakuwa pango. Ukiwasha taa za chumbani, na filamu ni ya rangi, nusu ya chumba inatoka kama imepakwa bizari na nusu kama imeloweshwa bluu ya kufulia. Flashi nayo inabandika kivuli nyuma ya kila kiti. Kilichobaki ni kusubiri. Kati ya alasiri na magharibi kuna kama robo saa ambapo mwanga wa nje unashuka mpaka unalingana na wa ndani. Robo saa moja kwa siku. Ukikosa, rudi kesho, na kesho utakuta chumba kina mgeni na mgeni amelala.

Ndiyo kazi nyepesi hiyo.

Basi shirika likaamua kuchapisha kijitabu cha kuitangaza hoteli yetu ya mjini kati, ghorofa sita, ili kipelekwe nje kuvutia wageni. Zikapatikana filamu mbili za rangi. Mkubwa mmoja alizileta mkononi kutoka safari, na kila filamu ilikuwa na picha kumi na mbili. Picha ishirini na nne kwa hoteli nzima, na kuzisafisha lazima zipelekwe Ulaya. Mimi nilizifunga kwenye kitambaa, nikaandika juu ya boksi kwa kalamu ya wino: Rangi, asiguse mtu.

Meneja wa hoteli alikuwa Bwana Msechu. Sote wengine tulikuwa Ndugu, yeye alitaka aitwe Bwana, ila mbele ya wakubwa alikuwa Ndugu kuliko sisi. Alivaa kaunda suti iliyopigwa wanga mpaka akikaa inalia. Aliposikia habari za kijitabu, alijiona yeye ndiye kijitabu. Nikiweka kamera mapokezi, yupo kaunta akijifanya anasoma barua. Nikienda baa, yupo, mkono juu ya kiti, anatabasamu. Nikamweleza kwamba wageni wa nje wanataka kuona hoteli, akanijibu kwamba hoteli bila uongozi ni jengo tu. Mwisho nikapata dawa yake. Nilimpiga picha kumi na moja kamera ikiwa haina filamu. Mungu anisamehe, lakini na ninyi mkikutana na meneja wa namna hiyo, fanyeni vivyo hivyo.

Halafu kulikuwa na kamati ya wafanyakazi. Mwenyekiti wake Ndugu Chande, mpishi mkuu, mtu mwema sana, mwenye sauti ya kusalisha msikiti bila kipaza sauti. Ndugu Chande alisikia kwamba picha ya chumba cha kulia chakula itakuwa na meza ya siagi, jibini na matofaa, akauliza matofaa yanatoka wapi. Ikaitishwa kamati. Wakakaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba, kujadili meza. Upande wa meneja ulisema mgeni anataka chakula anachokijua. Upande wa Ndugu Chande ulisema mgeni aje ale tunachokula. Wakapatana, na mwafaka wao ulikuwa ugali katikati ya meza, umezungukwa na mayai ya kuchemsha yaliyokaa kwenye vikombe vidogo, na nanasi zima kutoka Kariakoo limesimama kama mlinzi. Nami nimesimama nyuma ya kamera saa tatu nzima nikitazama mchuzi unavyoganda utando. Walipomaliza kupatana, nzi nao walikuwa wamepitisha azimio lao.

Chakula mkikipiga, wanangu, kipakeni mafuta kidogo kwa brashi ili king'ae, na kiingie mezani mwisho, kila kitu kingine kikiwa tayari. Na msiruhusu kamati iingie nacho.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Mama Thekla.

Mama Thekla alikuwa msimamizi wa vyumba. Mngoni wa Songea, mume wake fundi wa reli, walikaa kota za Gerezani. Alikuwa amenizidi umri kama miaka kumi na tano, mwanamke mrefu, hana maneno mengi, na kitanda akikitandika yeye, ukidondosha sarafu juu yake inaruka. Katika hoteli ile yeye peke yake ndiye aliyeelewa kazi yangu. Nilimwonyesha mara moja tu kwamba kamera inaona mkunjo ambao jicho halioni, na tangu siku hiyo alikuwa akizunguka kitanda kwa kuchuchumaa, jicho usawa wa godoro, akilamba kidole na kunyoosha.

Tulihitaji picha moja nzuri ya chumba. Tatizo ni kwamba hoteli nzima haikuwa na chumba kimoja kilichokamilika. Pazia zima lilikuwa 302, tandiko zuri lilikuwa stoo chini, taa ya kando ya kitanda ilikuwa ofisini kwa meneja, na zulia lisilo na doa lilikuwa ghorofa ya pili. Tukachagua chumba 507, kwa sababu dirisha lake lilitazama bandarini upande wa Magogoni na bahari ilionekana. Lifti ilikuwa mbovu tangu kabla ya masika. Mama Thekla alivibeba vitu vile kwa ngazi, yeye na wasichana wake wawili, tangu alfajiri. Wale wasichana walipomaliza zamu saa nane wakaenda zao. Yeye akabaki, kwa sababu nilimwomba.

Saa kumi na moja chumba kilikuwa tayari. Kulikuwa na kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni. Kioo ndicho adui yetu mkubwa. Nilikwisha kujipiga mwenyewe ndani ya kioo mara moja, nikiwa kwa Fundi Salehe, na sikutaka kurudia. Kwa hiyo nilikikagua kioo kile kwa makini, nikasogeza kamera inchi chache, nikahakikisha kinaonyesha ukuta mtupu na ukingo wa mlango wa bafu. Nikaridhika.

Ndipo nikaona kwamba pembe ya kitanda ina giza. Nikafungua mlango wa bafu, mwanga wa kidirisha chake ukaingia, pembe ikang'aa vizuri kabisa. Lakini mlango haukukaa. Kitasa kilikuwa kimekatika na upepo wa bahari ulikuwa unausukuma, mara wazi, mara umejifunga. Nikamwomba Mama Thekla aingie bafuni, asimame nyuma, auegemee mlango kwa mgongo ili usiondoke pale ulipo. Nikamwambia, namkumbuka vizuri alivyonitazama, "Usitikisike mpaka nikwambie."

Akakumbatia mto uliobaki, kwa kuwa hakukuwa na pa kuuweka, akaingia, akaegemea.

Na mimi nikasubiri mwanga. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Wingu lilipita, nikangoja liondoke. Sikusema naye neno. Nilikuwa nimeinama juu ya kamera yangu ile ya kutazamia kwa juu, ambayo picha yake inageuka kulia kuwa kushoto, na giza lilivyokuwa linashuka nilikuwa naona kitanda na dirisha tu. Mwanga ukafika. Nikafungua lenzi sekunde nane, nikafunga. Nikarudia mara mbili, kila mara sekunde nane. Nikamwita Mama Thekla. Akatoka taratibu, akaweka mto kitandani, akauliza kama imetosha. Nikasema imetosha, asante. Akashuka ngazi kwenda kuwahi kupika kwake.

Kioo sikukitazama tena.

Filamu zilikwenda Ulaya na kukaa karibu miezi mitatu. Zilivyorudi, Bwana Msechu alizitanguliza mezani kwake kabla sijaitwa. Nadhani alikuwa anajitafuta baa. Hakujiona, na nilipoingia uso ulikuwa umekwisha kubadilika, lakini halikuwa hilo alilonionyesha. Alinipa kipande cha filamu na kioo cha kukuzia, akaniambia nikitazame kwa mwanga wa dirishani.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kuta zimesimama, bahari inaonekana, pazia lina rangi yake. Na ndani ya kioo cha kabati, dhahiri kama picha ya kitambulisho, yuko Mama Thekla. Kichwa kimeegemea mlango, mto kifuani, macho yamefumba, mdomo umefunguka kidogo. Amelala akiwa wima.

Sekunde nane, wanangu. Mtu aliye macho hawezi kutulia sekunde nane, angepumua, angegeuza shingo, angetoka kama moshi na nisingemwona hata mimi. Alitoka safi kwa sababu alilala. Na zilikuwa picha tatu za chumba, na zote tatu amelala.

Bwana Msechu hakunigombeza mimi. Alisema mfanyakazi amelala saa za kazi, katika chumba cha wageni, na mto wa hoteli, na sasa ushahidi upo. Alikuwa na kisa chake na Mama Thekla, kwa sababu mama yule aliwahi kukataa kusaini karatasi ya mashuka mapya ambayo hakuyaona yakifika. Kesho yake Mama Thekla aliondolewa vyumbani, akapelekwa dobi kule chini, akisubiri kikao cha nidhamu.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha kulia, baada ya chakula cha mchana. Walikuwepo meneja, Ndugu Chande na wajumbe wake wawili, karani wa kuandika, Mama Thekla, na mimi shahidi. Nikaulizwa kama picha ni yangu. Nikasema ni yangu. Nikaulizwa kama ilipigwa saa za kazi. Nikasema ndiyo. Mama Thekla alipopewa nafasi alisema alikuwa ameshika mlango. Bwana Msechu akacheka, akasema milango ya hoteli inashikwa na vitasa.

Mama Thekla akanigeukia. Alinitazama, akingoja.

Nami nikatazama meza. Nitawaambia kwa nini, ingawa si sababu. Miaka ile kulikuwa na maneno mawili ambayo hukutaka yakae karibu na jina lako, uzembe na hujuma, na filamu ya rangi ilikuwa mali ya umma. Kama nikisema ni mimi niliyemweka pale na ni mimi niliyeacha kutazama kioo, basi ni mimi niliyeharibu picha tatu katika ishirini na nne. Nikakaa kimya. Kikao kikaahirishwa mpaka Ijumaa.

Nilikwenda Kariakoo kwa Fundi Salehe nikiwa na kipande kile cha filamu kwenye bahasha. Alikuwa amezeeka, anapiga picha za pasipoti tu, lakini jicho lake lilikuwa lile lile. Akasimama mlangoni pa studio, wachukuzi wanapita na mizigo kichwani, akainua filamu juani, akaitazama muda mrefu. Akasifu kuta. Kisha akauliza aliyemweka mtu huyu hapa ni nani.

"Mimi."

Akanirudishia bahasha. "Basi hiyo ni picha yako. Si yake."

Akaingia ndani kumhudumia mteja. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kwa mzee yule, alikuwa hakupi pa kujibu.

Ijumaa niliomba kikao kihamie chumba 507. Bwana Msechu akasema haina haja. Ndugu Chande akasema kamati ina haja. Tukapanda. Lifti ilikuwa bado mbovu, na ghorofa ya tatu meneja alisimama kurekebisha kiatu ambacho hakikuwa na kamba, ya nne akasimama tena. Mama Thekla alipanda bila kusimama. Nilipofika juu nikasema, nikihema, kwamba siku ya picha alizipanda ngazi hizi mara kumi na nne, akiwa na mizigo.

Nikafungua mlango wa bafu, nikauachia. Ukajifunga. Nikaufungua tena. Ndugu Chande akatia kichwa kuchungulia kitasa, upepo ukaja, mlango ukampiga bega. Akaushika, akautazama kama umemtukana. Ndipo nikasema yote. Kwamba nilimweka mimi. Kwamba nilimwambia asitikisike. Kwamba nilimsahau humo karibu saa nzima kwa sababu nilikuwa natafuta mwanga, na kwamba kioo nilikikagua kabla sijamweka, wala sikukikagua tena. Kwamba wakitafuta uzembe ni huo.

Karani aliacha kuandika. Bwana Msechu alisema maelezo yangu ni mazuri lakini swali moja halijajibiwa, akamgeukia Mama Thekla, akamuuliza kama alilala au hakulala.

"Nililala," akasema Mama Thekla. "Mlango sikuuachia."

Ndugu Chande alitangulia kushuka.

Sasa mnataka kusikia haki ilivyotendeka, na mimi nataka mjue kazi ilivyokuwa. Shauri lake lilifutwa. Lakini barua ya onyo ilikwisha kuwekwa kwenye jalada, na karani wa majalada alieleza kwa upole kwamba ana fomu ya kuingiza barua ila hana fomu ya kuitoa. Ikabaki. Vyumbani kulikwisha kuwekwa msimamizi mwingine, kwa hiyo Mama Thekla alibaki dobi. Mimi nilipata barua yangu, nikanyang'anywa kazi za rangi, na mwaka mzima nikapiga vitambulisho vya wafanyakazi na vijiko vya stoo. Kijitabu kilichapishwa. Picha ya 507 waliikata upande wa kabati, wakabakiza robo tatu ya kitanda na kipande cha pazia. Ukitazama huelewi kama ni hoteli au ni hospitali. Ugali na mayai vilitoka ukurasa mzima.

Tangu siku hiyo kioo mimi hukikagua mwisho. Si mwanzo, mwisho, kidole kikiwa tayari kimefika kwenye kitufe, mtu wa mwisho akiwa amekwisha kusimama mahali pake. Na nikimweka mtu nyuma ya mlango, au chini ya meza ashike waya, namwambia itachukua muda gani na nampa kiti. Mkinisahau katika mengine, hilo la kiti mlishike. Chumba cha hoteli kikionekana kitupu kwenye picha, jueni kuna mtu amebanwa mahali fulani.

Mama Thekla hakunisemesha. Nilikuwa nashuka dobi kumsalimia, anaitikia marahaba, anaendelea na mashuka. Wiki zikapita. Jumapili moja nikachukua nusu kilo ya sukari, na waliokuwepo miaka ile wanajua nusu kilo ya sukari ilikuwa salamu ya uzito gani, nikaenda kwake Gerezani baada ya misa yao. Nilimkuta nje, ana ndoo yenye mfuniko mkononi, anataka kwenda bombani. Nikampa ile sukari kwa mikono miwili, nikaanza kuomba radhi. Hakuipokea.

"Ulishasema kikaoni," akasema. "Kikaoni hakuna majirani zangu."

Ndipo nikajua. Wafanyakazi wengi wa hoteli walikaa Gerezani, na habari ilikwisha kufika kabla ya shauri kufutwa. Ya kufutwa haikufika, habari za namna hiyo hazina miguu. Pale kota walikuwa wakimwita Mama Usingizi. Binti yake aliulizwa na wenzake shuleni kama mama yake hulala na viatu. Mume wake alitaniwa karakana nzima.

Nikamfuata nyuma.

Bombani kulikuwa na foleni ya ndoo, wanawake kama kumi na watano, na balozi wa nyumba kumi wa pale kota, mzee mmoja, amekaa juu ya debe akisimamia zamu. Mama Thekla aliweka ndoo yake mwisho wa foleni, akajisimamia pembeni, akatazama relini. Hakunitambulisha. Nikaelewa kwamba kuanza ni juu yangu. Nikawasalimu, nikawaambia mimi ndiye mpiga picha wa hoteli, yule aliyempiga picha Mama Thekla amelala. Wakanigeukia wote, maji yanachuruzika kwenye ndoo.

Nikawasimulia. Zulia, ngazi, kitasa, wingu, vyote. Ilikuwa ngumu kuliko kwenye kikao, maana kule nilikuwa na karani na mwenyekiti, hapa nina ndoo. Nilipomaliza, mwanamke mmoja aliyebeba mtoto aliuliza alisimama muda gani. Nikasema karibu saa nzima.

"Ameshika mlango?"

"Ameshika mlango."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasubiri mwanga."

Wakatazamana. Balozi, bila kuinuka kwenye debe lake, akasema kwamba yeye tangu azaliwe hajaona mwanga unaosubiriwa, unakuja wenyewe kila siku na hauombi kushikiwa mlango. Wakacheka. Walinicheka mimi, na wakanicheka sana, mmoja akaigiza nilivyoinama juu ya kamera, mwingine akaegemea ukuta na ndoo kifuani akakoroma, ila sasa alikuwa ananionyesha mimi kidole. Nikasimama pale na sukari yangu mkononi nikayapokea yote.

Mama Thekla hakucheka. Alingoja mpaka kicheko kikaisha. Wale waliokuwa mbele yake kwenye foleni wakavuta ndoo zao pembeni, mmoja mmoja, wakamwachia njia mpaka bombani. Akaisukuma ndoo yake kwa mguu, akafungulia maji, akanyoosha mkono bila kunitazama, akaichukua ile sukari.

"Haya," akasema. "Nishikie mfuniko."